Kazi za Wanajiosayansi Katika Mpito wa Nishati: Mfano wa Ardhi ya Simiyu

Mwanajiosayansi ni mtaalamu wa ardhi na vilivyomo ndani yake. Mjiolojia husoma miamba na umri wake. Mtaalamu wa jiofizikia hupima uvutano, usumaku, ukinzani wa umeme na mitetemo. Wa jiokemia huchunguza elementi zilizomo katika mawe, udongo na maji. Wa hidrojiolojia hufuatilia maji yaliyo chini. Kwa zaidi ya karne moja taaluma hizi ziliishi kwa dhahabu, almasi, makaa ya mawe, mafuta na gesi. Sasa nishati jadidifu nayo inazihitaji, tena kwa wingi. Ripoti ya Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba gari la umeme hutumia madini takriban mara 6 ya gari la kawaida, na kwamba mtambo wa upepo wa nchi kavu hutumia takriban mara 9 ya mtambo wa gesi wenye uwezo uleule. Shaba, nikeli, kobalti, lithiamu, madini kinywe na madini adimu hayana budi kutafutwa kabla ya kuchimbwa. Joto la ardhini nalo hutafutwa, na hata paneli za jua husimikwa juu ya udongo ambao lazima upimwe.

Hata hivyo, wingi wa rasilimali haulingani na wingi wa ajira. Kazi ya mwanajiosayansi hufuata hatua ambayo mradi umefikia. Mahali penye madini yanayojulikana kwa uhakika panaweza kukaa miaka kumi bila kumwajiri mjiolojia hata mmoja, na mahali pasipojulikana kama kuna kitu pakaajiri makumi kwa sababu ndiyo kwanza panapimwa. Mkoa wa Simiyu una mifano ya hali zote mbili.

Ardhi ya mkoa

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na makao makuu Bariadi, umekaa juu ya Kratoni ya Tanzania, kipande cha gamba la dunia chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sehemu kubwa ya kratoni hiyo ni graniti, na katikati yake imepita mikanda ya miamba ya kale ya volkano. Mikanda ya aina hiyo ndiyo iliyobeba dhahabu ya Geita na maeneo mengine ya Kanda ya Ziwa.

Upande wa kusini mashariki sura ya ardhi hubadilika. Huko kratoni imekatwa na tawi la Bonde la Ufa, linaloanzia Ziwa Eyasi na kuelekea kusini magharibi hadi Ziwa Kitangiri na mbuga za Wembere. Kata ya Bukundi, wilayani Meatu, iko upande huo, kwenye tambarare zinazoteremka kuelekea mto Sibiti, ambao hutoa maji Kitangiri na kuyapeleka Eyasi. Safari ya kutoka Bariadi hadi Bukundi kwa hiyo humtoa mtu kwenye miamba mikongwe yenye madini ya metali na kumfikisha kwenye mashapo machanga ya bonde la ufa, na aina ya kazi za wanajiosayansi hubadilika njiani vivyo hivyo.

Nikeli ya Dutwa na hatua za mradi wa madini

Katika eneo la Dutwa, mkoani Simiyu, kuna vilima viwili, Wamangola na Ngasamo, vyenye nikeli na kobalti. Mwamba wa asili wa eneo hilo ulikuwa na magnesiamu na chuma kwa wingi. Maji ya mvua yaliuozesha kutoka juu kwenda chini kwa muda mrefu sana, yakabeba magnesiamu na kuacha nikeli ikijikusanya katika tabaka zilizooza. Kampuni ya African Eagle Resources ya London ilichoronga mashimo mengi huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 na kukadiria takriban tani milioni 100 za mawe yenye nikeli karibu asilimia 0.9.

Kazi ya mjiolojia kwenye mradi wa namna hiyo huanzia kwenye vumbi la mtambo wa kuchoronga. Kila mita inayotoka shimoni huwekwa kwenye mfuko wake, hupewa namba na kuelezwa kwa maandishi: juu udongo mwekundu au wa kahawia wenye chuma, chini yake udongo wa kijani kibichi unaoteleza, kisha jiwe gumu ambalo halijaoza. Mpaka kati ya tabaka hizo ndio unaoamua mawe yatakwenda kiwandani au kwenye rundo la taka. Kabla ya kupeleka sampuli maabara, mjiolojia huchanganya humo nyingine ambazo maabara haizitambui: isiyo na madini yoyote, yenye kiwango kinachojulikana, na pacha wa sampuli iliyokwisha kupelekwa. Majibu ya hizo yakipotoka, kundi zima hupimwa upya. Kijana aliyeizoea kazi hii kwenye nikeli anaweza kuifanya kesho yake kwenye shaba au madini kinywe, kwa kuwa utaratibu ni uleule.

Mradi wa madini hupita hatua zinazofahamika. Utafutaji huhitaji wachora ramani, wataalamu wa jiofizikia na wachukua sampuli za udongo. Uthibitishaji wa mashapo huhitaji wajiolojia wa uchorongaji na wakokotoaji wa kiasi cha madini. Upembuzi yakinifu huwaleta wataalamu wa maji ya chini, wa uimara wa miamba na wa mazingira. Wakati wa ujenzi wanajiosayansi hupungua na wahandisi huongezeka. Uchimbaji ukianza, hubaki kikosi kidogo cha kudumu kinachosimamia ubora wa mawe kila siku. Mwisho kabisa huja kufunga mgodi, kazi ya miaka mingi ya kufuatilia maji na mabwawa ya tope.

Dutwa iliishia katikati ya ngazi hiyo. Nikeli ya mawe yaliyooza haitoki kwa kuyeyushwa kirahisi. Huhitaji kuloweshwa kwa asidi nyingi ya salfa, na kiwanda chake hugharimu fedha nyingi. Bei ya nikeli iliposhuka baada ya mwaka 2011 wawekezaji walisita, kampuni ikajiondoa, na mgodi uliopangwa haukujengwa. Nchini Indonesia nikeli ya aina hiyohiyo ilichukua njia nyingine. Serikali yake ilizuia kusafirisha mawe ghafi Januari 2020, mtaji wa China ukajenga viwanda, na leo nchi hiyo inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Wingi huo umeshusha bei tena na kuifanya miradi ya mahali pengine, ikiwemo ya Afrika, iwe migumu zaidi kupata fedha. Kwa hiyo mjiolojia wa nikeli lazima afuatilie soko kama anavyofuatilia miamba.

Kabanga, wilayani Ngara, inaonyesha jinsi hatua za awali zinavyoweza kurefuka. Nikeli yake ilitambuliwa katika miaka ya 1970 kwa utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, na tangu hapo kampuni moja baada ya nyingine zimechoronga huko. Serikali ilisaini makubaliano na mwekezaji Januari 2021, ikapata hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Mawe ya Kabanga yana nikeli zaidi ya asilimia 2, kiwango kikubwa kuliko cha Dutwa. Lakini kwa karibu miaka 50 ajira nyingi za kijiolojia zilizopatikana hapo zilikuwa za utafutaji: mikataba ya miezi au miaka michache, iliyofunguka na kufungwa kwa kufuata bei ya dunia.

Madini mengine ya mpito yako kwenye hatua tofauti. Madini kinywe, yatumikayo kwenye betri za lithiamu, yako Mahenge na Epanko wilayani Ulanga na katika wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi; huko mjiolojia hutazama ukubwa wa magamba ya madini kwa hadubini, kwa sababu gamba kubwa huuzwa ghali zaidi. Ngualla, mkoani Songwe, kuna neodimiamu na praseodimiamu, elementi za kutengenezea sumaku za mitambo ya upepo na mota za magari ya umeme.

Jotoardhi: ajira inayodumu

Nishati jadidifu inayowahitaji wanajiosayansi kuliko zote ni jotoardhi. Kenya ndiyo shule ya Afrika Mashariki katika hilo. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka 1956, kazi ikasimama, ikafufuliwa katika miaka ya 1970, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa mwaka 1981. Leo mitambo ya jotoardhi nchini humo ina uwezo wa zaidi ya megawati 900 na hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi. Kampuni ya serikali ya GDC iliundwa mwaka 2008 mahsusi kubeba hatari ya hatua za mwanzo, yaani kupima na kuchimba visima kabla mwekezaji binafsi hajaingia. Wataalamu wa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, walipoiva, walianza kukodiwa kuchimba visima Ethiopia na Djibouti.

Kwenye kisima cha jotoardhi, mjiolojia hukaa kando ya mtambo usiku na mchana. Kila baada ya mita chache huchukua chenga za mwamba zinazopandishwa na tope la uchimbaji, huzisafisha na kuzitazama kwa hadubini. Akiona epidoti, madini ya kijani ya rangi ya pistachio, anajua kwamba mwamba huo umewahi kufikia nyuzi joto 240 hivi au zaidi, na humshauri mhandisi kuhusu kina cha kushusha bomba la kuzuia kuta. Kabla ya hapo mwanakemia wa maji huwa amepima silika, sodiamu na potasiamu katika chemchemi za moto ili kukadiria joto la chini, na mtaalamu wa jiofizikia huwa amepima ukinzani wa umeme ili kuona tabaka la udongo lililofunika hifadhi ya joto.

Tofauti na mgodi, jotoardhi halimwachishi kazi mwanajiosayansi baada ya ujenzi. Shinikizo la hifadhi hushuka, maji yaliyopoa hurudishwa ardhini, visima vipya huchimbwa kuziba pengo, na vipimo vya kemia na mitetemo midogo huendelea kwa miongo. Ndiyo maana Olkaria, zaidi ya miaka 40 tangu kuwashwa, bado inaajiri wajiolojia.

Tanzania iko nyuma kwenye ngazi hiyohiyo. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC), tanzu ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), ilianzishwa mwaka 2013. Uwezo wa nchi unakadiriwa kufikia megawati 5,000, na maeneo yaliyopewa kipaumbele ni Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, Songwe, Luhoi mkoani Pwani na Natron mkoani Arusha. Tanzania ikiwa bado kwenye vipimo na uchorongaji, fursa kubwa ziko kwa wenye ujuzi wa uwanjani. Njia iliyowatoa Wakenya wengi ni mafunzo ya miezi sita nchini Iceland, yaliyoanza chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwaka 1979 na ambayo sasa yako chini ya kituo cha GRÓ. Waombaji huteuliwa na taasisi zinazowaajiri; mhitimu asiye na kazi hawezi kuyafikia moja kwa moja.

Bonde la Eyasi-Wembere

Bonde linalopita upande wa Bukundi linapimwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) kwa ajili ya mafuta na gesi. Kazi ilianza na vipimo vya uvutano kwa ndege, ikafuata uchorongaji wa visima vifupi vitatu, vikiwemo vya Kining'inila wilayani Igunga na Nyalanja wilayani Meatu, kisha ukusanyaji wa data za mitetemo. Petroli si nishati jadidifu. Lakini vipimo hivyo ndivyo vitumikavyo kutafuta jotoardhi na hifadhi za maji ya chini, na mtaalamu aliyevijifunza bondeni hapo anaweza kuvihamishia huko bila kuanza upya.

Upimaji wa mitetemo ni mfano mzuri wa namna ajira zinavyojipanga. Mistari hunyooshwa kupita mashamba na malisho, vipokezi vya mitetemo huchomekwa ardhini kwa nafasi sawa, chanzo cha mtikisiko huwashwa, na mawimbi yanayorudi hunakiliwa. Wataalamu wa jiofizikia ni wachache. Wanaobaki ni wapimaji ardhi, mafundi wa vifaa, madereva, maofisa wa kushughulikia fidia na mahusiano na wanavijiji, na vibarua wa kulaza nyaya. Kwa kijana wa Meatu aliyemaliza kidato cha nne, huo ndio mlango wa kwanza, nao huwa wazi kwa msimu tu.

Bonde hilo pia liliwahi kuombewa leseni za heliamu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza mwaka 2016 kuwepo kwa gesi hiyo kwa wingi katika bonde la Rukwa, na kampuni ya Helium One ikachukua pia maeneo ya Eyasi na Balangida. Heliamu huzaliwa ndani ya graniti kongwe kwa kuoza kwa urani na thoriamu. Joto la bonde la ufa huifungua, nayo hupanda kwenye mashapo. Panapokutana kratoni na bonde la ufa ndipo panapotafutwa, na ukingo wa Simiyu ni mahali pa namna hiyo. Heliamu haizalishi umeme. Hupoza mashine za hospitali na kutumika katika viwanda vya vipande vya kompyuta.

Udongo na maji chini ya paneli

Kazi zisizosikika sana ndizo zilizo karibu zaidi na Simiyu. Mashariki mwa Shinyanga, wilayani Kishapu, TANESCO inajenga kituo cha umeme wa jua kilichopangwa kufikia megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Singida, ng'ambo ya Sibiti, ina upepo ambao kampuni kadhaa zimeupimia miradi kwa zaidi ya muongo.

Vituo vya namna hii husimama au kuanguka kwa udongo. Mwinuko wa Usukuma una mfuatano wa udongo unaojulikana: kwenye miinuko ya graniti mchanga wa isanga, chini kidogo luseni, kwenye mteremko ibambasi lenye tabaka gumu lisilopitisha maji, na bondeni mbuga, udongo mweusi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alipojenga katika miaka ya 1930 nadharia yake ya mfuatano wa udongo kwenye mteremko, alitumia mifano ya Tanganyika. Udongo wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi. Nguzo ya paneli ikizamishwa humo bila hesabu huinuliwa na kupindishwa, na fremu huachana na vioo. Kwa hiyo mjiolojia wa ujenzi huchimba mashimo ya majaribio, huvuta nguzo za majaribio kupima nguvu inayohitajika kuzing'oa, na hupima ukinzani wa udongo kwa umeme, kipimo kinachotumika kubuni njia ya kupeleka radi na hitilafu ardhini. Kazi hiyo huchukua wiki chache, lakini kila mradi huihitaji, na kampuni ndogo ya vijana watatu wenye kifaa cha kupimia inaweza kuifanya.

Maji nayo ni soko. Pampu za jua zimerahisisha kupandisha maji ya visima vijijini, lakini hazibadilishi kilichomo ndani yake. Meatu ni kati ya maeneo yenye floridi nyingi katika maji ya chini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya visima hukipita. Mtaalamu wa hidrojiolojia anayepima ukinzani wa ardhi kabla ya kuchimba, akasoma mipasuko ya miamba na kupeleka sampuli maabara kabla pampu haijanunuliwa, huokoa fedha za mradi mzima. Waajiri hapa ni Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), bodi za maji za mabonde, miradi ya wafadhili na wachimbaji visima binafsi. Ajira hii haitegemei bei ya nikeli.

Elimu, sheria na ushindani

Shahada za jiolojia na jiofizikia hutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na mafundi huandaliwa na Chuo cha Madini Dodoma. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ina kazi kubwa mbele yake: wizara imelenga kuongeza eneo la nchi lililopimwa kwa ndege kwa kina kutoka asilimia 16 hadi 50 ifikapo mwaka 2030. Data hizo zitahitaji watu wa kuzitafsiri na kwenda uwanjani kuzithibitisha. Kanuni za Madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinazibana kampuni kuajiri na kufundisha wazawa, na Tume ya Madini husimamia utekelezaji wake.

Sheria hufungua mlango, lakini cheo hutegemea sifa. Taarifa ya kiasi cha madini inayopelekwa kwenye masoko ya hisa ya Australia au Kanada lazima isainiwe na mtaalamu mwenye uzoefu wa angalau miaka 5, ukiwemo unaohusu aina ile ya mashapo, na aliye mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambulika. Mjiolojia wa Kitanzania asiyejiandikisha kwenye vyama hivyo hufanya kazi ya uwanjani kwa miaka, na saini huwekwa na mwingine. Ujuzi wa kompyuta umekuwa sharti vilevile: QGIS kwa ramani, programu za kujenga umbo la mashapo kwa pande tatu, na uandishi wa programu nyepesi wa kusafisha data za maelfu ya sampuli.

Mhitimu wa Simiyu kwa hiyo ana njia tatu zenye hesabu tofauti. Madini ya betri hulipa vizuri yanapopanda, lakini mikataba yake ni mifupi na huvunjika bei ikianguka. Jotoardhi huchelewa kuanza, ila likianza hutoa kazi ya maisha. Anayeingia sasa, wakati visima vya Mbeya bado vinachorongwa, ndiye atakayekuwa mtaalamu mwandamizi mitambo itakapowashwa. Udongo na maji hulipa kidogo kidogo, bila kusimama, na huweza kufanywa na kampuni yenye makao Bariadi au Mwanhuzi, wilayani Meatu. Kwa kuwa njia zote tatu hutumia vipimo vya ukinzani, uchukuaji sampuli na utunzaji wa data vilevile, mhitimu mwenye misingi hiyo mitatu anaweza kuanza na visima vya maji vya Meatu, akahamia mradi wa nikeli unapofufuka, kisha jotoardhi, bila kupoteza alichokwisha kujifunza.